Meli iliyo kwenye stempu yako: namna ya kuifuatilia mpaka uijue

Mjomba wangu alituachia bati la biskuti lililojaa stempu. Kati ya hizo kuna moja nyekundu, upana wake hauzidi vidole viwili. Ina meli nyeupe inayokuja kama inaelekea kifuani kwako, maneno DEUTSCH-OSTAFRIKA (Afrika Mashariki ya Kijerumani), thamani ya 7½ HELLER, na juu ya vyote muhuri mweusi wa duara unaosomeka MUANZA. Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ni meli ya Mjerumani iliyotia nanga hapa kwetu, na nikawa nawaambia wadogo zangu hivyo.

Si kweli. Meli hiyo haikupata kuliona ziwa hili hata siku moja. Kuligundua hilo kulinichukua miezi, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Naandika mwongozo huu ili wewe uliye na stempu ya meli, ya zamani au ya juzi, usipotee nilikopotea mimi. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni kwamba stempu moja ina meli mbili: meli iliyochorwa, na meli iliyobeba barua. Mara chache sana huwa ni meli moja.

Hatua ya kwanza: iache ilipo

Kama stempu bado iko kwenye bahasha au kwenye kipande cha bahasha, usiibandue. Nikiwa kidato cha pili niliroweka vipande vinne kwenye beseni la maji, nikabandua stempu zake na kutupa karatasi. Muhuri wa posta hugongwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, kwa hiyo nilichotupa ndicho kilichokuwa na tarehe. Nyuma ya bahasha nako huwa kuna mihuri ya posta barua ilikopitia, na hiyo ndiyo njia yenyewe ya safari. Nilibaki na picha nne safi zisizoweza kunieleza zilitoka wapi wala zilikwenda wapi. Hadi leo naumia.

Vifaa unavyohitaji ni vichache: kibanio chenye ncha bapa zisizo na meno, lenzi ya kukuza mara kumi, na simu. Weka stempu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uingie kutoka ubavuni, kisha piga picha mbele na nyuma. Mwanga wa ubavuni huonyesha mikwaruzo na wino uliofifia kuliko mwanga wa juu. Mikono iwe mikavu. Sisi wa ziwani na wenzetu wa pwani tuna adui mmoja, unyevu, na jasho la kidole linatosha kuacha doa.

Hatua ya pili: soma kila herufi, hasa jina la fedha

Watu wengi huitazama picha kwanza. Anza na maandishi. Jina la nchi hukupa utawala, na jina la fedha hukupa kipindi.

Stempu za meli za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilianza kutumika 1901, na thamani zake zilikuwa kwa PESA, na RUPIE kwa zile kubwa. Rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu tuliyoirithi kutoka biashara ya Bahari ya Hindi. Kisha serikali ya koloni ikabadilisha mfumo, rupia moja ikawa heller 100, na mwaka 1905 zikatoka stempu mpya za meli ileile zenye neno HELLER. Ndiyo, hiyo ndiyo hela yetu. Neno unalolitamka kila unapodaiwa nauli limechapwa pale, kwa herufi za Kijerumani, chini ya meli. Kwa hiyo hata kabla ya kuijua meli nilishajua kwamba stempu yangu haiwezi kuwa ya kabla ya 1905.

Kuna kipimo kingine cha umri, alama ya maji, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Kama stempu ilikwisha kubanduka zamani, ilaze kifudifudi juu ya sahani nyeusi na uitazame kwa kuiinamisha. Heller za mwanzo hazina kitu kwenye karatasi. Zilizochapwa baadaye zina mistari ya pembe nne zilizosimama kwenye ncha, kama vigae vya sakafu vilivyogeuzwa. Ukiziona, umeshaukaribia mwaka wa stempu.

Baada ya hapo fungua katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu. Wanaokusanya stempu za Kijerumani hutumia Michel, na wa stempu za Kiingereza hutumia Stanley Gibbons. Usikate tamaa usipokuta nchi yako mahali ulipotarajia: stempu za pamoja za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziko chini ya Kenya, Uganda na Tanganyika, hata zile zilizotoka baada ya Muungano.

Hatua ya tatu: tafuta jina la meli, na usikubali la kwanza

Baadhi ya stempu huandika jina la meli, na hapo kazi ni nyepesi. Yangu haikuandika. Kilichonisaidia ni kulinganisha. Niliitafuta meli hiyohiyo kwenye stempu za koloni nyingine za Mjerumani nikaikuta kila mahali: Kamerun, Togo, Afrika ya Kusini-Magharibi, Samoa, visiwa vya Marshall, Karolinen, Marianen, Neuguinea, hata Kiautschou kule Uchina. Umbo ni lilelile na mawimbi ni yaleyale. Kinachobadilika ni jina la nchi na fedha. Meli moja haiwezi kuwa ya Ziwa Victoria, ya Samoa na ya Uchina kwa wakati mmoja. Hapo ndipo imani yangu ya utotoni ilipoanguka.

Meli hiyo ni Hohenzollern, jahazi la anasa la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm wa Pili. Thamani ndogo zinaionyesha ikija mbele, na zile kubwa za rupia zinaionyesha kwa ubavu. Ukitaka kuitambua vizuri tumia ile ya ubavu: hesabu milingoti mitatu na dohani mbili, kisha linganisha na picha za kamera za zama zile. Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ina picha zake, na nyingi unaziona mtandaoni bila malipo.

Lakini jina peke yake ni mtego. Majina ya meli hurithiwa kama majina ya babu. Kulikuwa na Hohenzollern ya kwanza, iliyoendeshwa kwa magurudumu ya pembeni, ambayo baadaye iliitwa Kaiseradler ili jina lake lipewe mpya. Kulikuwa na ya tatu iliyoanza kuundwa na haikumalizika. Ukichanganya tarehe za hizi tatu utapata meli iliyoishi miaka mingi kuliko chuma chake. Kila unapoandika jina la meli, andika pembeni yake mwaka wa kushushwa majini na mahali ilipoundwa. Kwa meli za miaka ya karibuni kuna msaada mkubwa zaidi, namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini) yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, mwenye nayo au bendera.

Hatua ya nne: ipe meli maisha yake, tarehe kwa tarehe

Chukua daftari uchore mstari mmoja mrefu. Weka alama pale tu unapopata jambo katika vyanzo viwili visivyonakiliana. Mstari wangu wa Hohenzollern una haya.

Iliundwa na kiwanda cha AG Vulcan mjini Stettin, mji ambao leo ni Szczecin, Poland. Ilishushwa majini tarehe 27 Juni 1892, ikaanza kazi 1893. Urefu wake ulikuwa kama mita 120 na upana mita 14, na ilikwenda zaidi ya noti 21, kasi kubwa kwa zama zile. Juni 1895 iliongoza msafara wa kufungua mfereji wa Kiel. Mwaka 1898 ilifika Haifa katika ziara ya Kaiser ya Palestina, na 1902 ilikuwa New York. Karibu kila kiangazi, kuanzia 1894, ilimpeleka Kaiser kwenye fiodi za Norwei, zile ghuba nyembamba zinazoingia katikati ya milima. Ukijumlisha siku zote, mtu huyo aliishi ndani ya meli hii zaidi ya miaka minne. Julai 1914 alikuwa hukohuko Norwei Ulaya ilipokuwa inawaka, akarudi haraka, na meli ikatolewa kazini mwezi uleule. Mwaka 1923 ilikatwakatwa vyuma chakavu huko Wilhelmshaven.

Angalia kitu kisichokuwepo kwenye mstari huo: Tanga, Dar es Salaam, Bagamoyo. Kaiser mwenyewe hakuwahi kukanyaga koloni lake hata moja.

Hatua ya tano: uliza kwa nini meli hii, na kwa nini wakati huu

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, nawe usipapite mbio. Stempu huchapwa na serikali, na serikali haichagui picha kwa bahati. Kuna sababu ya mfukoni: Reichsdruckerei, kiwanda cha uchapaji cha serikali mjini Berlin, kiliweza kuhudumia koloni zote kwa mchoro mmoja kwa kubadilisha maandishi tu. Lakini kuna sababu ya pili. Bunge la Ujerumani lilikuwa limepitisha sheria za kupanua jeshi la wanamaji mwaka 1898 na 1900, na Kaiser alitaka dunia imwone kuwa mtu wa bahari. Meli yake ikiwa kwenye kila barua ya kila koloni, ujumbe unafika bila yeye kusafiri.

Sasa rudi kwenye mstari wako, na chini yake chora mstari wa pili: mambo yaliyokuwa yanatokea mahali stempu ilipotumika. Mimi nilipofanya hivyo nilinyamaza kwa muda. Julai 1905, Hohenzollern ilikuwa Björkö, katika Ghuba ya Ufini, Kaiser akikutana na mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, ambaye naye alikuja na meli yake ya anasa. Mwezi huohuo, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliolazimishwa kulima pamba walikwenda shambani wakaing'oa, na vita vya Majimaji vikaanza. Stempu nyekundu ya heller 7½ ni ya mwaka huohuo. Taarifa za vita vile, barua za wamisionari na za maofisa, zilibandikwa meli ya starehe iliyokuwa ikielea kwenye maji baridi ya kaskazini.

Ukitaka kusoma yaliyoandikwa wakati huo, yapo. Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, limewekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Berlin. Kijerumani kikikushinda, piga picha aya moja na uitafsiri kwa simu. Haitakuwa tafsiri nzuri, ila majina ya meli na tarehe yatasomeka. Na kulikuwa na Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Ukilipata, lisome kwa utulivu, maana humo utawasikia watu wetu wenyewe.

Hatua ya sita: sasa itafute meli iliyobeba barua

Rudi kwenye muhuri. Mjerumani aliandika majina ya miji yetu kwa masikio yake, kwa hiyo zoea haya: Muanza ni Mwanza, Udjidji ni Ujiji, Moschi ni Moshi, Aruscha ni Arusha, Mpapua ni Mpwapwa, Kilossa ni Kilosa. Mengine hayafanani kabisa na ya leo: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Usumbura ni Bujumbura. Ukikuta maneno DEUTSCHE SEEPOST umebahatika. Maana yake barua iligongwa muhuri ndani ya meli ikiwa safarini, na mara nyingi kuna herufi ndogo inayosaidia kutofautisha meli moja na nyingine. Meli hizo zilikuwa za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya Hamburg iliyoanzishwa 1890. Mojawapo iliitwa Tabora, iliyoundwa 1912, na ikazamishwa kwa mizinga katika bandari ya Dar es Salaam mwezi Machi 1916.

Muhuri wangu una mwaka: 10, yaani 1910. Hapo ramani ya reli inaingia kazini. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora 1912. Kwa hiyo mwaka 1910 njia nyepesi ya barua kutoka Mwanza kwenda Ulaya haikuwa ya nchi kavu kuelekea Dar. Ilikuwa kuvuka ziwa hadi Kisumu, ambako Reli ya Uganda ilikuwa imefika tangu Desemba 1901, kisha Mombasa. Na meli zilizokuwa zikizunguka ziwa kwa ratiba, zikichukua ngozi, pamba na mizigo ya wafanyabiashara wa Mwanza, zilikuwa za Reli ya Uganda, yaani za Mwingereza: Winifred, Sybil na Clement Hill. Zote ziliundwa Paisley, Uskoti, zikafunguliwa vipandevipande na kuungwa upya Kisumu.

Soma hilo tena taratibu. Stempu yenye fahari ya Kaiser, iliyogongwa muhuri wa Mjerumani, inaelekea ilisafiri kwenye meli ya Mwingereza. Miaka minne baadaye hao wawili walikuwa wanapigana mizinga kwenye maji hayohayo.

Onyo kabla ya kununua

Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia. Stempu za meli walizozikuta wakazigonga maneno G.R. MAFIA, nazo leo ni adimu na ghali. Wanaoghushi wanalijua hilo. Stempu yenyewe ya Hohenzollern si ghali katika thamani ndogo, na kuongeza maneno mawili juu yake si kazi kubwa. Niliwahi kuuziwa moja na mtu aliyeniapia kwamba imetoka kwa familia ya kisiwani. Nilipoiweka chini ya lenzi niliona wino wa maneno hayo umelala juu ya wino wa muhuri wa posta, badala ya kuwa chini yake. Yaani maneno yaligongwa baada ya stempu kwisha kutumika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza unachoweza kufanya mwenyewe. Kwa chochote cha bei kubwa, dai cheti cha mtaalamu kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya saba: meli ambazo wazee wetu walizipanda

Stempu za baada ya uhuru zina neema moja ambayo ile ya Kaiser haina: mashahidi wapo hai. Mwaka 1969 posta ya Jumuiya ilitoa stempu za usafiri wa majini, na kati ya meli zilizochorwa ni Umoja, kivuko cha mabehewa ya treni, na Victoria. Fanya hatua zilezile. Victoria iliundwa na Yarrow, Glasgow, ikaletwa vipandevipande na kuungwa Kisumu, ikaanza safari 1961. Mwanzoni iliitwa RMS kwa kuwa ilibeba barua za kifalme. Baada ya uhuru ikawa MV. Jumuiya ilipovunjika 1977 ikabaki Tanzania chini ya shirika la reli, baadaye ikaenda kwa Kampuni ya Huduma za Meli. Ilisimama 2014, ikakarabatiwa hapa Mwanza, na 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Usiichanganye na MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Nimeona watu wakiandika habari za moja chini ya picha ya nyingine, na kwa familia zilizopoteza ndugu hilo ni jeraha.

Kisha nenda kwa mzee ukiwa na stempu mkononi. Usimuulize "meli ilikuwaje", swali hilo halina pa kushikia. Muulize alipanda mwaka gani, alikaa daraja lipi, alibeba nini. Nilimpelekea mama. Aliishika stempu kwa mbali, kama wasomavyo waliosahau miwani.

"Hii ni Victoria," akasema. "Nilikuwa na mimba ya dada yako. Tumeondoka hapa usiku, alfajiri tuko Kemondo, na nyumba nzima ya baba yako imekuja gatini kunipokea. Nilirudi na mikungu sita ya ndizi."

"Mama, ilikuwa mwaka gani?"

"Dada yako amezaliwa lini? Hesabu."

Nikahesabu, nikaiandika kwenye mstari: 1971.

Hatua ya mwisho: andika ukurasa wake

Tumia karatasi isiyo na asidi na penseli. Kalamu ya wino itavuja ikipata unyevu. Stempu usiigundishe kwa gundi wala kuitia plastiki ya moto. Iweke kwenye kifuko chake kinachoonekana, na albamu isimame wima mbali na ukuta wa nje. Chini yake andika meli zote mbili, kwanza ya picha, halafu ya safari. Wangu unasomeka hivi:

"Afrika Mashariki ya Kijerumani, heller 7½, mchoro wa 1905. Picha: Hohenzollern, Stettin 1892, ilivunjwa Wilhelmshaven 1923, haikufika Afrika Mashariki. Muhuri: Muanza, 1910. Safari: inaelekea ni kwa meli ya Reli ya Uganda hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa. Imetoka kwenye bati la mjomba."